Simu inasema 7, eksirei inasema 22: mgongo wa binti yangu upimwe na nini?

SWALI: "Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nampima binti yangu sare mpya nikaona sketi inaning'inia upande mmoja hata nikiikata sawa, na kipimo cha kutoka bega hadi kiuno cha kulia hakilingani na cha kushoto. Ana miaka 12 na miezi minne, bado hajavunja ungo. Hospitalini alipigwa eksirei, tukaambiwa uti wa mgongo umepinda digrii 18. Mwezi wa saba akapigwa nyingine, ikawa digrii 22. Sasa daktari anataka ya tatu Januari. Dada yangu ananiambia mionzi mingi namna hiyo itamharibia mtoto kizazi na kumletea saratani. Baba yake anasema ni mkoba mzito wa shule, tumwache atanyooka mwenyewe. Binamu yake naye ameweka programu kwenye simu inayopima mgongo bila mionzi, akapata digrii 7 tu. Nimwamini nani? Hakuna njia ya kumpima mtoto bila eksirei?"

JIBU: Mama, pole kwa mawazo, na hongera kwa jicho la fundi. Watoto wengi wa rika la binti yako huletwa kwetu sisi madaktari wakiwa wamechelewa, kwa sababu sweta la shule huficha kila kitu na mtoto wa miaka 12 haogi tena mbele ya mama yake. Wako amegunduliwa mapema kwa sababu futi yako ilikataa kudanganywa. Nitayajibu yote uliyouliza, ila nianze na zile namba mbili, 7 na 22, maana nikizieleza hizo nusu ya hofu itakuwa imekutoka.

Simu haikukosea. Eksirei nayo haikukosea. Zimepima vitu viwili tofauti.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katika hali hii, ambayo madaktari huiita skoliosisi, pingili hazihami tu kwenda kando na kufanya umbo kama la herufi S. Hujizungusha pia, kama kanga unapoikamua maji. Na kwa kuwa mbavu zimeshikamana na pingili za kifuani, pingili ikizunguka, mbavu za upande mmoja husukumwa nyuma na za upande wa pili huzama. Ndiyo sababu mtoto akiinama unaona upande mmoja wa mgongo umetuna kuliko mwingine. Kwa hiyo kuna kupinda na kuna kujizungusha. Eksirei inapima kupinda kwa mifupa yenyewe. Simu inapima jinsi kujizungusha kulivyoinua ngozi ya mgongo upande mmoja.

Kwenye picha ya eksirei, daktari hutafuta pingili iliyolala zaidi upande wa juu wa mpindo na ile iliyolala zaidi upande wa chini, akachora mstari kwenye kila moja, kisha akapima pembe kati ya mistari hiyo. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1948 na daktari wa upasuaji wa mifupa wa Marekani aitwaye John Robert Cobb, na hadi leo ndiyo lugha ya madaktari wa mgongo dunia nzima. Pembe ikifika digrii 10 ndipo huitwa skoliosisi. Chini ya hapo ni kutolingana kwa kawaida, na ukitupima watu wazima wote sokoni Kibuye utawakuta wengi nako.

Programu ya simu ni mtoto wa chombo kiitwacho skoliomita, kilichoelezwa mwaka 1984 na daktari mwingine wa Marekani, William Bunnell. Umewahi kumwona mwashi akiweka pima maji juu ya ukuta kuona kama umelala sawa? Skoliomita ni pima maji ya mgongo. Mtoto anainama, chombo kinalazwa mgongoni kwa upana, na kijitufe kilicho ndani kinateleza hadi kwenye namba ya digrii ambazo upande mmoja umeinuka. Simu ina kihisi kinachojua ardhi iko upande gani, kile kile kinachoigeuza picha unapoilaza simu, kwa hiyo inaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Sasa sikiliza hili: Bunnell aliona kwamba, kwa wastani, mwinuko wa digrii 7 kwenye skoliomita huendana na mpindo wa digrii 20 hivi kwenye eksirei.

Kwa hiyo 7 ya binamu na 22 ya hospitali hazigombani hata kidogo. Zinaungana mkono. Kosa lingekuwa kusema "7 ni ndogo kuliko 22, basi mtoto amepona," sawa na kusema kitambaa cha mita 2 ni kifupi kuliko cha inchi 60.

Umeuliza kama hakuna njia ya kupima bila eksirei. Zipo, na ni za kweli, si za mitaani. Ya zamani kuliko zote ni macho. Mwaka 1865 daktari Mwingereza William Adams alieleza jinsi ya kumwinamisha mtoto na kumtazama mgongo, na hakuna kliniki ya mgongo leo, iwe Eldoret au London, inayoanza na kitu kingine. Ukiongeza skoliomita juu ya macho unapata namba ya kuandika. Ukining'iniza timazi, ile kamba yenye uzito ambayo fundi hutumia kujua kama nguzo imesimama wima, kutoka kwenye mfupa unaotokeza chini ya shingo, unaona kama inaangukia katikati ya makalio au imeenda kando. Na futi yako imeshafanya lake.

Ngoja nikueleze vizuri jinsi ya kumwinamisha, maana wengi hukosea na kisha huilaumu simu. Mtoto avue viatu na nguo za juu, abaki na sidiria au fulana iliyo wazi mgongoni, na awe na mtu anayemwamini. Asimame miguu ikiwa pamoja, magoti yamenyooka, aunganishe viganja kama anayetaka kupiga mbizi, kisha ainame polepole huku mikono ikining'inia katikati ya magoti. Wewe kaa nyuma yake, macho yako yawe sawa na mgongo. Anapoinama, utaona kwanza sehemu ya juu ya kifua ikilala sawa na macho yako, kisha katikati, kisha kiuno; kila sehemu isimamishe hapo na uipime, usingoje ainame mpaka mwisho. Skoliomita ya dukani ina pengo katikati la kupitisha ncha za pingili. Simu haina, na hapo ndipo namba nyingi huharibika, kwa sababu simu huegemea mfupa wa katikati na kuyumba. Weka vidole gumba viwili mgongoni, kimoja kila upande wa uti, umbali sawa, na simu ilale juu ya vidole hivyo bila kugusa mfupa. Ilaze kwa wepesi. Ukikandamiza upande ulioinuka unaipunguza namba mwenyewe. Pima mara tatu, kila mara akisimama wima kwanza na kuinama upya, uandike wastani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mara nyingi husahaulika. Mfanyie kipimo hicho tena akiwa ameketi kwenye kigoda. Mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine, nyonga huinama na mgongo huonekana umetuna upande mmoja akiwa amesimama, lakini akiketi hali hiyo hutoweka. Ikiwa namba imebaki ile ile akiwa ameketi, tatizo liko kwenye uti wenyewe.

Namba gani itutie wasiwasi kwa mtoto ambaye hajawahi kupelekwa hospitali? Bunnell mwanzoni alipendekeza digrii 5, baadaye akapandisha hadi 7, kwa sababu kwa 5 watoto wengi wasio na shida hupelekwa eksirei bure. Mimi binafsi, kwa mtoto mnene, hubaki na 5. Mafuta hufunika mbavu, na watoto hao ndio ambao mpindo wao hugunduliwa ukiwa umeshakuwa mkubwa.

Hata hivyo, mama, sitakuficha upungufu wake. Uhusiano kati ya mgongo wa nje na mifupa ya ndani ni wa wastani, si wa mtoto mmoja mmoja. Wewe unajua wateja wawili wanaweza kuwa na kiuno cha inchi 30 na gauni moja likamkaa huyu likamkataa yule. Futi inakuambia nguo itakaaje. Haikuambii mfupa ulio chini umelalaje. Watoto wawili wenye digrii 7 kwenye skoliomita wanaweza mmoja kuwa na 12 kwenye eksirei na mwingine 30. Mpindo ulio chini kiunoni, ambako hakuna mbavu za kuinuka, unaweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo. Kwa hiyo skoliomita haiwezi kumwambia daktari "huyu avae breisi," yaani jaketi ngumu ya kuzuia mpindo, au "huyu asivae." Inachofanya vizuri ni kukuambia kama kitu kinabadilika kwa mtoto yule yule, akipimwa na mtu yule yule kwa njia ile ile.

Zipo mashine kubwa zaidi zisizo na mionzi. Tangu mwaka 1970, Mjapani aitwaye Takasaki alipoonyesha jinsi ya kumulika mwili kwa mistari ya mwanga na kivuli, wataalamu wamekuwa wakisoma umbo la mgongo kama mtu anavyosoma vilima kwenye ramani. Mashine za leo, nyingi zikitoka Ujerumani, humulika mistari ya mwanga mgongoni, kamera ikaipiga picha, na kompyuta ikakokotoa jinsi uti ulivyokaa. Ni mwanga tu, kama wa taa, na unaweza kurudia hata kila wiki. Ila nayo inasoma ngozi, na yale yale niliyosema kuhusu simu yanaihusu, ingawa inaona mgongo wote kwa pamoja badala ya mstari mmoja.

Inayonitia moyo zaidi ni ya altrasaundi, sauti ile ile inayotumika kumwona mtoto tumboni kwa mama mjamzito. Timu ya chuo kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong imetengeneza mashine ambayo mtoto husimama mbele yake, kifaa kikapitishwa mgongoni kutoka chini hadi juu, na picha ya uti mzima ikajengwa. Watafiti wa chuo kikuu cha Alberta, Kanada, nao wamefanya kazi kama hiyo. Hii haisomi ngozi. Sauti inagonga mfupa na kurudi. Lakini inarudi kutoka sehemu za nyuma za pingili, si kutoka kwenye mwili wa pingili ambao eksirei huuchora, kwa hiyo pembe yake mara nyingi huwa ndogo kuliko ya Cobb. Huwezi kuchukua 22 ya eksirei ya jana na 19 ya altrasaundi ya leo ukashangilia. Na si mashine utakayoikuta kwenye hospitali ya kaunti. Altrasaundi ya kliniki ya wajawazito haina programu hiyo, basi usimlipe mtu anayekuahidi kupima skoliosisi kwa hiyo.

MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, pia haina mionzi. Lakini mtoto hulazwa, na mgongo ukilala uzito wa mwili hauukandamizi tena, hivyo mpindo hupungua na namba inakuwa si ya mtoto anayesimama. MRI tunaiomba tunaposhuku tatizo kwenye neva zilizo ndani ya uti. Si futi ya kila miezi sita.

Sasa hofu ya dada yako. Siidharau, kwa sababu ina mzizi wa kweli. Mwaka 2000 kulichapishwa Marekani utafiti wa wanawake 5,573 waliogunduliwa na skoliosisi wakiwa wasichana kati ya mwaka 1912 na 1965. Kwa wastani kila mmoja alikuwa amepigwa eksirei karibu 25. Waliokufa kwa saratani ya matiti walikuwa 77, wakati kwa hesabu ya wanawake wa kawaida wangetarajiwa 46 hivi. Hilo ni ongezeko la kweli, na ndilo lililowafanya madaktari waanze kutafuta njia hizi zote nilizokueleza.

Ila tazama miaka ile. Mashine za wakati huo zilitumia mionzi mingi kuliko za kidijitali za leo, na wasichana walipigwa picha wakiwa wameielekea mashine kwa kifua, hivyo matiti yanayokua yalipokea mionzi kwanza kabla haijadhoofika. Siku hizi mtoto hugeuzwa: mgongo ndio unaoelekea mashine, kifua kinaelekea filamu, na mionzi inayofika kwenye matiti hupungua sana. Badiliko hilo halina gharama yoyote, na una haki ya kuliuliza. Mwambie mpiga picha, "Naomba apigwe kutoka nyuma." Atakuelewa mara moja.

Kuhusu kizazi: eksirei mbili au tatu za mgongo, au hata kumi za mashine ya leo, haziwezi kumfanya msichana awe tasa. Mionzi inayoua mayai ya uzazi ni ile ya kutibia saratani, ambayo ni mara nyingi sana zaidi. Wala mionzi ya eksirei haibaki mwilini. Taa ikizimwa chumbani mwanga haubaki ukutani. Kinachobaki ni uwezekano mdogo kwamba seli moja imeguswa vibaya, na uwezekano huo hujumlishwa kila picha. Sisi sote tunaishi na mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na kwenye chakula; wastani wa dunia ni milisivati (kipimo cha mionzi) 2.4 kwa mwaka, na kuna sehemu zinazozidi, kama vilima vya Ruri huko Homa Bay ambavyo miamba yake inajulikana kwa hilo. Picha moja ya mgongo kwa mashine nzuri ya kidijitali iko chini ya kiasi hicho cha mwaka. Kwa hiyo swali la haki si "eksirei ni sumu au si sumu." Swali ni: picha hii ya Januari itabadilisha uamuzi gani? Ikiwa haibadilishi kitu, isipigwe. Ikiwa inabadilisha, ipigwe bila kusita.

Na kwa binti yako inabadilisha.

Kwanza nikutulize kuhusu 18 iliyogeuka 22. Madaktari wawili wakipima filamu moja wanaweza kutofautiana digrii 3 hadi 5. Kwa hiyo ongezeko la 4 linaweza kuwa si ongezeko hata kidogo, ni mkono tu wa aliyechora mistari. Sisi husema mpindo umeongezeka kwa uhakika tofauti inapofika 5 au 6 na zaidi, na afadhali filamu zote mbili zipimwe upya na mtu mmoja siku moja.

Lakini ana miaka 12 na hajavunja ungo. Maana yake yuko katika kipindi ambacho msichana hurefuka haraka kuliko wakati wowote mwingine tangu utotoni, na mpindo huongezeka pamoja na urefu. Baada ya kuvunja ungo kasi hiyo hushuka, na baada ya miaka kama miwili urefu huwa karibu umekwisha. Mwaka 1984 madaktari Lonstein na Carlson walifuatilia watoto 727 wenye mipindo midogo. Kwa watoto ambao mifupa yao ilikuwa bado michanga, wenye mpindo wa digrii 5 hadi 19, mpindo uliongezeka kwa 22 kati ya 100. Wenye digrii 20 hadi 29, uliongezeka kwa 68 kati ya 100. Kwa waliokuwa wamekaribia kukomaa, mipindo hiyo hiyo ya 20 hadi 29 iliongezeka kwa 23 tu kati ya 100. Unaona binti yako amesimama mlangoni kabisa. Digrii 20 si ukuta, wala sisemi ataharibika. Nasema hiki si kipindi cha kumpoteza machoni.

Mlango huo una maana kwa sababu kuna tiba inayofanya kazi kabla haujafungwa. Mpindo ukifika digrii 25 hivi kwa mtoto anayekua, tunafikiria breisi, ile jaketi ngumu ya plastiki inayovaliwa chini ya nguo. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto 72 kati ya 100 waliovaa breisi walimaliza kukua kabla ya mpindo kufika digrii 50, ambako upasuaji huzungumziwa, dhidi ya 48 kati ya 100 walioangaliwa tu. Waliovaa karibu saa 13 au zaidi kwa siku walifanikiwa 9 kati ya 10 au zaidi. Angalia pia upande wa pili wa namba hizo: karibu nusu ya wasiovaa hawakuhitaji. Ndiyo maana hatumvalishi kila mtoto, na ndiyo maana tunataka namba ya mfupa kabla ya kumfunga mtoto plastiki kwenye joto la Kisumu.

Niliwahi kuletewa msichana wa shule ya bweni ambaye wazazi wake walisimamisha eksirei kwa miaka miwili kwa hofu ya mionzi, wakawa wanampeleka kwa mkandaji. Aliporudi alikuwa amekwisha kukua na breisi haikuwa na la kufanya tena. Wale wazazi walimpenda mtoto wao sawa na unavyompenda wako. Bado naumia nikimkumbuka.

Hivi ndivyo ningefanya kama angekuwa wangu. Kuanzia sasa hadi Januari, mpime kwa skoliomita au simu mara moja kwa mwezi, kwa njia niliyokueleza, mtu yule yule, jioni au asubuhi lakini usibadilishebadilishe. Kwenye daftari lako la vipimo vya wateja mfungulie ukurasa: tarehe, urefu akiwa amesimama, urefu akiwa ameketi, namba ya kifuani, namba ya kiunoni. Usimpime kila siku. Utamtia mtoto wazimu na namba zitakuchanganya. Kama skoliomita imebaki kwenye 6, 7, 8 na urefu haujapanda sana, mpeleke Januari kama ilivyopangwa, miezi sita tangu ya mwisho, ambao ni muda wa haki kwa mtoto wa umri wake. Ikipanda digrii 2 au 3 na ikabaki juu kwa vipimo viwili mfululizo, au akirefuka ghafla, usingoje Januari.

Akipigwa picha, iwe ya kusimama, kutoka nyuma, uti mzima kwenye picha moja kuanzia shingo hadi nyonga. Picha ya ubavuni huenda alishapigwa mwanzo. Muulize daktari kama kuna sababu ya kuirudia, maana mara nyingi katika ufuatiliaji haihitajiki na inaongeza mionzi bure. Beba ile bahasha ya kaki yenye filamu zote za zamani, au diski. Watoto wengi hupigwa picha za ziada si kwa sababu ya mgongo, bali kwa sababu filamu ilisahaulika nyumbani. Na nyonga zikionekana, daktari atasoma pia hatua ya Risser, ile alama ya ukuaji kwenye mfupa wa nyonga, inayoanzia 0 na kwisha 5. Mwombe akuandikie. Namba hiyo ndiyo itakayowaambia ni lini mnaweza kupunguza eksirei, kisha kuziacha.

Baba yake mwambie kwa upole kwamba mkoba haukuleta hili, wala kubeba ndoo ya maji, wala kulala vibaya, wala kukaa vibaya darasani. Katika watoto wa umri huu chanzo mara nyingi hakijulikani, ingawa huonekana zaidi katika baadhi ya familia. Mkoba mzito unachosha mgongo na ni vizuri upunguzwe, lakini ukiuondoa mpindo hauondoki. Wala usikubali mtu "amnyooshe" kwa kumvuta au kumkanyaga. Mazoezi maalumu ya skoliosisi yana nafasi yake, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia aliyejifunza hayo, pamoja na ufuatiliaji, si badala yake.

Kuna dalili ambazo zikitokea uache daftari na simu umpeleke hospitali siku hiyo hiyo au kesho yake: maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku, mguu kuwa dhaifu au kufa ganzi, kuanza kujikojolea, kuyumba akitembea, au nundu kali ya ghafla katikati ya mgongo. Hiyo ya mwisho ikija na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, tunafikiria kifua kikuu cha mifupa, ambacho bado tunakiona huku kwetu na ambacho hakina uhusiano na skoliosisi. Na kama kwa wanaosoma hapa yuko mwenye mtoto aliyepinda mgongo kabla ya miaka 10, au mwenye kishimo au kishungi cha nywele chini ya mgongo, asianze na simu. Aanze na daktari wa mifupa. Kwa wa Kisumu ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi, kwa wa Uasin Gishu na jirani zake ni ile ya Moi, Eldoret, na sisi wa Nakuru tuna yetu ya kaunti.

La mwisho ni la fundi kwa fundi. Ukimshonea sketi nyingine, usipime pindo kutoka kiunoni. Msimamishe bila viatu kwenye sakafu iliyo sawa, upime kutoka chini kwenda juu pande zote, ukate kwa alama hizo. Shuleni itaning'inia sawa kama za wenzake, na wewe utajua ndani ya daftari lako ni sentimita ngapi ulizoongeza upande ule. Ziandike hizo pia, na uende nazo kwa daktari Januari.